Hemedi wa Kundi C

Jumatano, 2 Februari 1955
Barua ya mkaguzi. Darasa la saba ligawanywe makundi matatu, atakuja tarehe 17 kuchukua orodha. Kundi A: aljebra na jiometri kamili, hao ndio watakaofanya mtihani wa kuingia la tisa. Kundi B: jiometri ya kupimia viwanja, aljebra hapana. Kundi C: hesabu za kawaida, wakimaliza la nane basi, majembeni. Nafasi za A kumi na mbili — kwa sababu vitabu ni kumi na viwili! Watoto wako thelathini na wanne. Kugawa nimeachiwa mimi.

Alhamisi, 3 Februari
Nimeandika orodha kwa penseli. Wa kwanza hana mpinzani: Hemedi, mtoto wa Mzee Saburi wa genge la reli, Soga. Jana wenzake wanahangaika na bikari, yeye keshathibitisha kanuni ya pembetatu kwa njia mbili, na ya pili sikuwahi kuiona.
Lakini Mnyamwezi huyo, na mimi Mzaramo! Mtani wangu kabisa. Nikashindwa kujizuia. Nikamwandika C, na mbele ya jina: "Kichwa cha kubebea mizigo." Nikawasomea. Darasa hoi kwa kicheko. Hemedi akasimama na adabu zake zote, akajibu kwamba afadhali yeye, Wazaramo wanachojua kuhesabu ni ngoma tu. Nimecheka mpaka machozi. Orodha safi, yeye akiwa A, nitaiandika Jumamosi, kwa wino.

Ijumaa, 4 Februari
Baba mkubwa Mwinyijuma amefariki, Kisarawe. Naondoka sasa hivi.

Jumapili, 6 Februari — Kisarawe
Tulimzika jana alasiri. Mzee Saburi alikuja! Habari aliipata kwa watu wa treni, akashuka Pugu, akapanda huku kwa miguu. Ameifanya kazi ya watani wote peke yake. Aliingia kaburini akalala, hatoki mpaka apewe jogoo, eti marehemu alikuwa mchoyo mno. Wajane walicheka huku wanalia. Bila yeye sijui tungeimalizaje siku ile.
Wakati wa kuagana akaniuliza, bila mzaha, mtoto anaendeleaje. Nikamwambia atafika mbali. Akanipangusa vumbi begani akaenda zake.

Jumatano, 9 Februari
Nimerudi Mlandizi. Mkaguzi alikuja juzi, siku kumi kabla! Mwalimu Mkuu akafungua droo yangu, akaikuta orodha, akaipiga taipu. Yeye si mtu wa huku, mambo ya watani wetu hayajui. Maneno yangu aliyaona ni ripoti. Hemedi C. Nafasi iliyobaki A akaijaza kwa kumpandisha mmoja wa B: Kibwana. Mkaguzi katia sahihi na kuondoka nayo.
Mimi ndiye niliyefanya hivi, si mwingine.

Alhamisi, 10 Februari
Nimemweleza Mwalimu Mkuu kila kitu. Akaniuliza kama nataka amwandikie mkaguzi kwamba hapa karatasi za serikali tunazifanyia masihara. Nikasema nitaandika mwenyewe, kwa jina langu. Akasema andika, utafukuzwa. Na Kibwana umtoe wewe — baba yake keshachinja mbuzi.
Darasani wamekaa mbalimbali. A nimewapa mlinganyo wao wa kwanza. C nimewapa bei ya vitunguu. Hemedi alimaliza kabla ya wote, akaweka kalamu, akawa anatazama ubao wa A. Mlangoni akaniambia taratibu kwamba utani huu umekuwa mrefu, nimrudishe sasa.

Jumamosi, 12 Februari
Barua ya kumpelekea mkaguzi nimeiandika mara tatu. Kiingereza kimenyooka. Iko mfukoni, siipeleki. Biubwa hakunigombeza, amesema tu watoto wetu wanne na nyumba ni ya shule. Mke wangu anasema kweli. Na mimi ni mwoga, hiyo nayo kweli.
Hemedi ameenda kwao. Kesho nami naenda. Baba yake ayasikie kwangu.

Jumapili, 13 Februari — Soga
Naandika uani kwa Mzee Saburi. Nilifika saa tano. Nikasema shikamoo, sikukaa, nikayatoa yote: mtoto nimemtia C, mtihani hafanyi, kosa langu.
Akapiga paja. Akacheka!
"Mwamini!" akamwita mkewe. "Njoo umwone Mzaramo! Katembea toka Mlandizi kuja kututukana kwetu!"
Nikaapa, wallahi. Wakazidi. Watu wa genge wakatoka vyumbani kusikiliza, mmoja akanishika tumbo na kuniuliza kama nina njaa. Nikatoa barua. Mzee hasomi, akampa Hemedi. "Soma kwa sauti, tucheke wote."
Hemedi akasoma kimoyomoyo. Mpaka chini, kwenye jina langu. Mimi nimesimama, nguo imenigandia mgongoni. Akaikunja.
"Si kitu, baba. Anatania tu."
Hakunitazama. Mzee akafurahi, akasema mtani kama huyu hali ugali mkavu. Sasa kuku anachinjwa kwa ajili yangu, Hemedi ndiye aliyemshika miguu. Barua iko kwenye mfuko wa shati lake. Nilimnyooshea mkono anirudishie, akatikisa kichwa, akatazama relini. Treni ya posta inapita hapa saa tisa —