Shanga Kwenye Mpira wa Mlango

Kibiti, 4 Mei 2024

Shangazi yangu Mwanabibi,

Tii, tii, tii. Sauti ya shanga zikidondoka kwenye sakafu ya saruji haijanitoka masikioni tangu Jumanne, ndiyo maana imetangulia hata salamu. Shikamoo shangazi. Mguu umepoa? Sisi wazima wa mwili. Nimempa Dulla wa boti barua hii kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Mume wangu Mussa anatengeneza mashine ya kufulia ya Ashura, yule mtalaka mwenye gesti Ikwiriri. Mpira wa mlango umechanika, maji yanamwagika. Akauleta ule mbovu nyumbani tulinganishe kipimo kabla ya kuagiza mpya Dar. Nilipoukamua mkunjo wake kutoa ukoko wa sabuni, zikatoka shanga. Nyeupe na buluu, ndogo, za kiunoni.

“Za watoto hizo,” Mussa akasema, wala hakuzitazama.

Ashura hana mtoto, shangazi. Na kuvua mpira ni kazi ya asubuhi moja. Lakini Mussa haishi kwenda huko, na kila akirudi ananukia udi. Nanusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na hiki ndicho ninachofanya. Wewe ndiye uliyenicheza unyago ukanitungia shanga zangu. Niambie, nimuulize au ninyamaze?

Mwanao, Zuena

Kiongoroni, 15 Mei 2024

Mwanangu Zuena,

Marahaba. Mguu unanifikisha kisimani, alhamdulillahi. Mpunga umeiva, na nguruwe wanautaka kabla yetu.

Udi? Gesti gani haifukizwi udi? Na uzi wa shanga hukatika popote. Lakini mwanamume anayesema shanga za mwanamke ni za watoto, ama ana haya ama ana siri. Mussa siku ya harusi alishindwa hata kumeza wali mbele yetu. Huenda ni haya. Usimuulize, atakutungia jibu. Fuatana naye kazini, umshikie tochi, utazame. Zile shanga mrudishie mwenyewe, mumeo akiwapo.

Na zako usizivue. Anayevua kwa hasira amempisha mwenziwe.

Shangazi yako, Mwanabibi

Kibiti, 2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naomba nguruwe wawe wamewaachia japo pishi moja.

Tulikwenda. Mussa akaupaka mpira mpya maji ya sabuni, akauvisha ukingoni, vitundu vya kutolea maji vikatazama chini. Mimi nilishika tochi. Ashura akaleta chai. “Karibu wifi! Leo fundi kaja na mlinzi!”

Nikampa shanga zake. Akacheka. “Ehee! Fundi, si nilikwambia zimenipotea? Ukasema hujaziona.”

Mussa akaingiza kichwa chote ndani ya mashine. Shangazi, mwanamke anamwambiaje fundi kwamba amepoteza shanga za kiunoni?

Ikabaki kuufunga mpira kwa pete ya waya. Ina springi; ukiiachia inakurudia usoni. Kabla Mussa hajasema neno, Ashura aliinama akaikandamiza upande mmoja, Mussa akavuta wa pili. Vidole vyao vilijua pa kukutana. Mimi hajawahi kunishikisha hata bisibisi.

Nikamkabidhi Ashura tochi. “Nipishe, wifi.” Akanipisha. Pete niliimaliza mimi, ikanichana kidole gumba, sikulia.

Kisha nikaomba kwenda msalani. Huko nilivua uzi mmoja wa zile ulizonitungia, wenye shanga nyekundu kwenye fundo. Nisamehe. Mussa alipotoka kukusanya vifaa vyake, niliulaza ndani ya mkunjo wa mpira mpya, chini kabisa. Halafu nikamwita Ashura nikamwelekeza kama fundi: kila jioni pitisha kidole humu ndani, ufute maji, usije ukaota ukungu. Akaitikia vizuri sana.

Niliufunga mlango kwa mkono wangu, nikausikia ukibana.

Kidole atakuwa ameshapitisha. Hajapiga simu kumwita fundi, na Mussa hajaniuliza uzi wangu mmoja uko wapi. Akiuliza, nitamwambia ukweli: uko Ikwiriri, unalinda mlango.

Mwanao, Zuena