Nilishuhudia Kanisani Shamba Limenusurika, Sasa Nimo Kwenye Orodha ya Mafuriko

Mama mshauri, nakusalimu kwa jina la Mungu aliye hai. Huwa nasoma unavyowajibu wengine nikiwaonea huruma, leo naomba unisaidie mimi, maana maji yamenifika shingoni ingawa yale ya mafuriko yenyewe yalishakauka.

Mimi ni mkulima, nina shamba la juu karibu na nyumba na lingine bondeni kando ya mto. Mto ulipofurika Jumamosi nilichungulia mlangoni nikaona la juu kavu, basi Jumapili furaha ikanizidi, nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba maji yalifika mpakani mwangu yakageuka, na la bondeni nilikuwa hata sijalikanyaga, mchungaji akaacha mahubiri yake akahubiri habari za mpaka wangu, na kufika saa saba nilikuwa naitwa Mama Mpaka. Jumatatu nikashuka bondeni nikakuta mahindi yote yamelala na kambare wawili kwenye tuta la maharage. Kurudi nyumbani nakuta wanakwaya watatu uani, wamekuja kuchota udongo wa mpakani wakaombee mashamba yao, nikawapikia chai.

Bwana shamba alipoleta fomu za maafa nilijaza ukweli, bondeni hasara yote, kwa kuwa serikali sijaidanganya hata siku moja. Kifuta machozi kikaja, nikanunua mbegu. Sikujua kama majina yangebandikwa hadharani. Wiki jana orodha imewekwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, jina, zao, ekari na hasara, na wifi yangu, ambaye husoma hata karatasi ya kufungia sabuni, akaja moja kwa moja.

"Hongera wifi. Siku hizi serikali inalipa miujiza?"

"Ni shamba la bondeni, wifi."

"Kumbe bondeni Mungu hakufika?"

Lakini kinachoniuma si yeye, ni jirani yangu mjane, ambaye shamba lake lilizama lote, na fomu alipopelekewa aliirudisha akisema kama Mungu amemwona Mama Mpaka, na yeye ataonekana. Sasa watu wanapanda, yeye hana mbegu, na kila asubuhi ananisalimia vizuri tu. Chini ya orodha wameandika aliyeachwa aje kabla ya mwisho wa mwezi na jirani wa kumthibitisha. Mume wangu anasema ninyamaze, mvua itazilowesha hizo karatasi. Mimi nawaza niirudishe fedha ili ushuhuda wangu usimame. Nifanyeje?

Mama Mpaka

JIBU

Mama, pole kwa mahindi. Kwa udongo sikupi pole.

Fedha usirudishe. Shamba lilizama, fomu inasema lilizama, hakuna aliyeibiwa. Ukirudisha utakuwa unailipa serikali ikusaidie kulidanganya kanisa. Jumapili uliropoka kwa furaha, na hilo Mungu amelizoea. Uongo ulianza Jumatatu, ulipowaona kambare kisha ukawasha jiko la chai. Mungu hana haja ya mtu wa kumfichia kambare. Mumeo naye mwambie karatasi zikilowa hubandikwa nyingine.

Barua nzima umeandika habari za sifa yako, za mjane umeziweka mwishoni. Geuza. Wewe utaona haya Jumapili moja, mbili kama wifi yako yumo kwenye kwaya. Mjane atakosa msimu mzima, kwa kuwa alikuamini wewe akaacha kujaza karatasi.

Kwa hiyo Jumapili usiingoje. Leo, kabla hujainjika sufuria, nenda kwake umwambie pale pale mlangoni, bila kutanguliza mstari wa Biblia: "Mwenzangu, shamba langu la bondeni lilizama, nilijua tangu Jumatatu, nikanyamaza." Usilie. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe. Kisha mwongozane hadi ofisi ya kata, ukamthibitishe kwa mdomo wako na sahihi yako. Mchungaji utampitia mkirudi, umwombe dakika mbili mbele ya waumini, na useme yote, mpaka na bonde.

Mjane akikutukana njiani, itikia, endelea kutembea. Ofisi hufungwa saa tisa.