Maji Yangu, Maneno Yake

Kaka Padre,

Huku tu wazima, na kikohozi cha baba kimepungua. Ninakuandikia nikiwa wodini.

Mtoto wa mdogo wetu alizaliwa Jumanne, kabla ya siku zake. Nilimzalisha mwenyewe. Pumzi za mtoto zilipoanza kukatika, mama yake akaniambia, "Dada, mbatize." Nikachota maji kwa kikombe, nikammiminia kichwani. "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..." Hapo nikashindwa kuendelea. Mdogo wetu akamalizia kutoka kitandani, "na la Roho Mtakatifu." Hazikupita dakika mbili, mtoto akakata roho.

Tangu siku hiyo ananiambia, "Tulimbatiza wawili, dada," na hilo ndilo linalompa usingizi. Mimi silali. Katekista ameniambia, bila kujua namuulizia nani, kwamba anayemimina maji ndiye anayepaswa kutamka maneno yote.

Naogopa, kaka. Kama ubatizo haukutimia, nijibu kwa anwani ya hospitali. Barua za nyumbani huzifungua mdogo wetu.

Ni mimi, dada yako mkunga.