Kontena la Mpingo

Temeke, Dar es Salaam
18 Aprili 1978

Kaka yangu mpenzi Gregori,

Shikamoo. Mie dada yako Rosalia nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ule wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke. Hujambo kaka, na kifua chako na baridi hii ya masika? Wifi Yuliana hajambo, goti limeacha kumsumbua? Mama mkubwa Apolonia bado anasikia, au sasa ni mpaka mtu apige kelele? Mpe shikamoo yangu karibu na sikio. Wifi yangu Auleria, dada wa marehemu, mwambie nampa pole, na yake naipokea. Watoto wote hapo Newala nawasalimu, mkubwa kwa mdogo.

Huku kwetu Anjelina yupo, mwanawe ameota meno mawili. Adelard anakwenda kiwandani, akirudi anakaa tu. Mie mzima. Nafagia, napika, nakula kidogo. Watu wanakuja kunipa pole, nawaitikia vizuri. Ila machozi hayajatoka, kaka, hata ya kusingizia. Majirani wananitazama usoni wanayatafuta.

Telegramu yako nimeipata Jumamosi: Kaburi tayari tunamsubiri Marselino. Najua unataka nikwambie siku gani ninamleta mume wangu nyumbani. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo, nianzie kwenye kontena, maana bila hilo hutanielewa.

Unajua wachongaji wetu hapa wana kikundi, na mie ndiye mweka hazina, kwa kuwa nilimaliza kisomo na kwa kuwa wanasema mwanamke hanywi pesa. Mwaka huu tulipata watu wa Ulaya, wakataka vinyago vingi kwa mara moja. Wakatuletea kontena. Ni kasha la chuma, kaka, kubwa kuliko nyumba yako, mlango wake unafungwa kwa vyuma vinne. Lilikuja tupu juu ya lori, tukalipa mia nne. Vijana wakalishusha kwa magogo, wanalisukuma wanaimba, kama wanavyoshusha mti porini.

Wakaniambia, mama Adelard, andika bajeti ya kulirudisha bandarini. Nikachukua daftari langu. Nikaandika lori mia nne, maana barabara ni ile ile na kasha ni lile lile. Nikaandika chakula cha utingo. Nikaandika na soda ya mlinzi wa getini. Nikawasomea mkutanoni, wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza uzito. Wachongaji hao hao, wanaojua mpingo ukiutupa mtoni unazama kama jiwe! Lakini kila mtu alikuwa anabeba chake begani, anakiingiza ndani, anaondoka. Hakuna aliyewahi kuvibeba vyote.

Siku ya siku lori likaja. Dereva, Mpare mmoja anaitwa Elinaza, akazunguka kontena, akaligonga kwa kiatu, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza kama nyie Wamakonde mmetia vinyago humu au mmetia milima ya Pugu. Akasema hata akusanye wanaume wote wa Temeke hawalinyanyui, hilo ni la winchi, na winchi ya kukodi ni elfu mbili na mia tatu, na meli inaondoka Ijumaa. Meli ikiondoka bila kontena, watu wa Ulaya hawatoi hata senti, na kazi ya miezi minane inabaki uani inanyeshewa.

Jioni ile Marselino alikula ugali vizuri. Akanikumbusha kisanduku cha kuzikana, zile shilingi tano tano za kila nyumba, za kumrudisha mtu kwao akifa huku. Nikamwambia zile haziguswi bila mkutano. Akasema malipo ya Ulaya yanakuja baada ya miezi mitatu, tutazirudisha kabla hata ya mtu kujua. Halafu akanichokoza, akasema, kwani mke wangu, nani amekuaga kwamba anakufa mwezi huu?

Nilicheka, kaka. Nikafungua kisanduku.

Winchi ikaja, kontena likanyanyuka kama kikapu, likaenda. Baada ya siku sita Marselino alishika kifua akiwa amekaa na patasi mkononi. Tulipofika hospitali hakukuwa na la kufanya.

Kisanduku kilikuwa na shilingi mia na kumi. Gari la kufika Newala wanataka elfu mbili. Wenzake walipokuja kuniambia nitoe pesa za kuzikana, mwenzetu arudi kwao, niliwatazama nikasema Marselino ameusia azikwe hapa hapa. Hakuusia kitu. Nimemtia maneno maiti mdomoni, na sauti yangu haikutetemeka. Wakashangaa, lakini usia haubishiwi. Jeneza wakamtengenezea kwa mbao zilizobaki za kukazia vinyago. Moja ilikuwa na maandishi ya bandari, wakaigeuzia ndani.

Na nyie niliwapelekea telegramu kwamba barabara imekatika Rufiji, msubiri. Barabara haikukatika. Mwishehe anayekuletea barua hii amekuja kwa basi, muulize mwenyewe. Kaka, hakuna maiti inayokuja. Marselino nimemzika hapa Temeke siku tisa zilizopita, na nyie mmekaa na kaburi wazi.

Sikusema kwa sababu nilikuwa nahesabu. Kila siku nilihesabu upya nikidhani pesa itapatikana, nikaona haya kukwambia. Najua kwetu kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, linaita mwingine. Nakuomba wewe mjomba wa wanangu uende kwa Auleria, umweleze yote kama nilivyoandika, usinifiche. Wakate mgomba, waufunge sanda, wauzike pale kwa jina lake, hata leo hii. Mkutano wa kikundi ni Jumapili ijayo, na mie nitasimama niwaambie kuhusu kisanduku. Lakini mbele yao siogopi kama mbele ya Auleria.

Adelard na Anjelina wanawaamkia nyote. Mungu awalinde, na mvua isiwaharibie muhogo.

Mwishehe anapanda basi la kurudi Alhamisi. Mpe jibu mkononi, usingoje posta. Niambie kama kaburi limefukiwa, na niambie kama nije arobaini au nisije. Hata neno moja linatosha, ila lifike upesi.

Ni mie dada yako,
Rosalia