Kilole Hatujengi Ukuta

Kilole,
Korogwe.
9 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Deogratius,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hamjambo huko Dodoma? Kifua cha mkeo Yasinta kimepona? Na watoto, Dennis na Yusta, wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yanalalamika asubuhi, yakishapata jua yananyamaza.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kauli kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatiza kauli. Keti usome mpaka mwisho.

Ukuta sijajenga, wala sitajenga.

Najua utakasirika. Pasaka ulipokuja na wakubwa wako wa kazini, Mzee Mdoe alikatiza uani kwetu na baiskeli yake ya mkaa tukiwa tunakula. Akasalimia, nikamkaribisha pilau, akala vijiko viwili, akaenda zake. Ukakunja uso. Jioni ukaniambia kwamba hapa ni uswahilini, kwamba mtu wa umri wangu anastahili ukuta na geti, na kwamba ukuta usipoisha kabla ya Krismasi, watoto hawatakuja kulala hapa. Hilo la watoto lilinichoma, sikufichi.

Uswahilini, ndiyo. Nani alikuambia ni tusi? Hapa nikipungukiwa chumvi siendi dukani, nanyoosha mkono tu. Mwezi wa Ramadhani jirani yangu Hajira hanisahau, bakuli la uji linapita kwenye upenyo wa minyaa kabla adhana haijaisha, ingawa anajua mimi na rozari yangu sijafunga chochote. Saa kumi jioni tunachambua mchicha kwenye kivuli cha nyumba yetu, na hakuna redio inayotushinda kwa habari. Mimi nilikaa kwako Dodoma siku kumi na moja, nikaondoka simjui jirani yako hata jina. Nilimsikia mbwa wake tu.

Umesahau baba yetu alivyokuwa? Alikata mkonge miaka ishirini na miwili, akilala kambini, akiitazama nyumba ya meneja kwa mbali, maana ilizungushiwa ua. Aliponunua kiwanja hiki watu walimuuliza kwa nini hapandi mkonge kukizunguka. Akajibu kwamba ameshauona wa kutosha. Alipanda minyaa upande mmoja, akaacha upenyo. Hakuusahau upenyo ule, Deo. Aliuacha.

Fundi uliyemtuma, Nicolaus, alikuja na lori la matofali, akachimba msingi kuanzia chooni hadi kwenye minyaa. Nikamwacha, maana nawataka wanao hapa Krismasi. Siku mbili watu walizungukia barabarani. Hakuna aliyenilaumu. Siku ya tatu Hajira akaja kunirudishia chekeche kwa mlango wa mbele, akakaa sebuleni ametulia kama aliyekuja kuposa. Miaka thelathini huyu mtu anaingilia jikoni. Kisha akaniuliza, "Mama Janeth, sasa tukiona kwako kimya, tutapitia wapi?"

Ngoja nikuambie nililokuficha. Mwezi wa Mei presha ilinipanda, nikaanguka pale bombani nikiwa nafua, asubuhi kweupe. Nilitaka kuita, mdomo ukakataa. Aliyenikuta ni huyohuyo Mzee Mdoe, akikatiza. Alimwaga mkaa wake wote chini, akanipakia kwenye baiskeli, Hajira akinishikilia kwa nyuma, mpaka hospitali. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, yangekuwa mengine. Ukuta wako ungekuwepo siku ile, ningekuwa salama kabisa ndani yake, nimelala chali na sabuni mkononi.

Kwa hiyo nilimwambia fundi asimamishe kazi. Kwenye msingi wake nimepanda migomba, na imeshika. Matofali nimewapa vijana wa mtaa, wamejenga kivuko pale mtaroni ambapo watoto wa shule walikuwa wakivua viatu kila mvua ikinyesha. Nicolaus mwenyewe kapiga plasta. Hasira zako nitumie mimi, majirani zangu waache.

Na watoto usipowaleta, nitawafuata mwenyewe. Nitashuka Mkata kwanza nimchukue Shangazi Bernadina, tuje wote hadi mlangoni kwako. Unamjua akianza kusema.

Janeth wangu anakusalimu kutoka Kabuku, mtoto wake ameanza kutembea. Hajira na Mzee Mdoe nao wanakusalimu sana. Hawajui ulichosema siku ile, na kwangu hawatakisikia. Nibusie Dennis na Yusta, mpe pole Yasinta. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akufikishe huku ukiwa na njaa.

Matofali manne yalibaki. Nimeyapanga mawilimawili kando ya njia, karibu na bomba. Kwenye mawili nakaa mimi jioni. Yale mengine mawili kila mtu anayakalia, lakini nimeshawaambia kwamba ni ya Deo, akija wampishe.

Ukija, pitia nyuma.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiye na geti,
Fausta