Mselem Alinifungia Ukurasa, Sasa Ataka Pilau Yangu

Jumanne. Joto la kaskazi limechacha, hata paka wa mtaa wetu wa Kibokoni wamelala chali vizingitini. Mimi jua halinisumbui. Linalonichoma ni jina la Mselem.

Nimepika pilau Mombasa, Unguja, Jedda, na safari moja ndani ya meli ya Wagiriki wasiojua bizari ni kitu gani. Walilia. Sijisifu, nasema lililotokea. Shule niliishia darasa la sita, lakini ukurasa wangu wa video ulikuwa na watu wengi kuliko msikiti siku ya Idi.

Ulikuwa.

Mwezi uliopita niliweka video ya maji ya choo yanayovuja kwenye bomba bovu la Mselem, jirani yangu, yakishuka kichochoroni mpaka mlangoni kwa Bi Zuhura, mjane wa watu, asiyeweza hata kuruka kidimbwi. Sikutukana. Nilisema tu kwamba pale pananuka na mwenye bomba anajulikana. Mselem badala ya kutafuta fundi akatafuta polisi. Akanishtaki kwamba naeneza uongo mtandaoni. Nikaitwa kituoni, nikakalishwa benchini asubuhi nzima, kisha afisa akanipa mawili: nifunge ukurasa, au nikaonane na hakimu.

Mdomo huu uliogombana na mabaharia wa kila bandari ukasema, "Sawa, afande."

Ukurasa hauniumi kama ile "sawa".

Sheria ya mitandao siipingi. Matapeli na wanaoanika picha za mabinti wa watu, wakamatwe, tena wasipewe hata maji. Lakini nguo imekatwa kwa kipimo cha tapeli, mbona nimevikwa mimi? Serikali hata haikuwa ikinijua. Nimechongewa na jirani aliyeona askari ni rahisi kuliko fundi.

Basi Mungu si Athumani. Leo baada ya alasiri tumeketi barazani, huyo Mselem anakuja, mikono nyuma, adabu imemjaa. Binti yake Nuru aolewa Ijumaa. Mpishi wa karamu mtaani ni mmoja, naye ni mimi. Ukileta wa nje, umeutangazia mtaa kwamba huna watu.

"Shekhe wangu," akaanza, "yaliyopita si ndwele. Kazi ya Ijumaa ni yako."

"Ahlan! Masufuria nitayapanga mlangoni pako, kichochoroni, kama ada."

Akababaika. "Pale... pale hapafai, bwana. Kapikie kule uwanjani."

"Hapafai kwa nini?"

"Yakhe, nawe! Si wajua pananuka?"

Baraza zima likamgeukia. Halafu Mzee Badi, mtu asiyecheka hata harusini kwake, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mselem," akamwambia, "kimbia kajishtaki!"

Wallahi, halua ya Maskati haina utamu ule.

Nikampa sharti. Kesho asubuhi twende wote kituoni, amwambie afisa neno lile lile, afute mashtaka. Na bomba litengenezwe. La sivyo, wageni wake wa Lamu wale mkate mkavu. Aliondoka bila kuaga.

Sasa nikiri, na nakiri hapa kwenye blogu kwa sababu Mselem hasomi maandishi marefu, yeye hutazama video tu. Nuru nimemlisha ukoko wa sufuria zangu tangu hajaota meno. Nitampikia, baba yake aje asije. Mtoto hana kosa. Lakini babake hajui hayo, na mimi simwambii. Leo ajigeuze kitandani kama kiazi kwenye mafuta.

Akija kesho, nafungua ukurasa wangu mbele ya afisa yule yule.

Asipokuja, pilau nitapika uwanjani, ila wageni nitawapakulia mlangoni kwake. Na kila atakayeziba pua nitamnong'oneza: nyamaza, ndugu yangu, kusema pananuka mtaa huu ni kosa la jinai.