Oili Iliyotiwa Kwenye Pijo ya Marehemu Yussuf

Jumatatu, 5 Mei 2025
Kwa Koplo Nassra, Kituo cha Polisi, Mjini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Maisara Kheir. Umri: miaka 58. Kazi: mshona kofia. Makaazi: Kiembe Samaki.

Mimi ni mjane wa Yussuf Matar, aliyefariki Disemba mwaka jana. Ameacha gari aina ya Pijo 404 ya mwaka 1967, ambayo bado haijagawiwa katika mirathi. Fundi wake alikuwa Ubwa Usi, ambaye sasa yuko mahabusu kwa tuhuma ya kuiharibu makusudi kwa kuitia oili isiyofaa.

Marehemu alitia oili nzito tu, ile ishirini-hamsini. Dukani alitaka tone kwanza, alisugue baina ya vidole. Akisema injini kongwe vyuma vyake vimeachana, oili nyepesi haikai baina yao. Stiki ya kupimia aliifuta kwa kipande cha kanga yangu kuukuu. Kipande hicho bado nnacho.

Mnamo tarehe 12 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, nilikuwa chumbani, eda yangu haijaisha. Dirisha linatazama uani, penye gari. Shemeji yangu, Anwar Matar, alimwita Ubwa amwage oili chakavu, kwani gari ilikodiwa kumpeleka bibi harusi Kizimkazi. Ubwa aliimwaga, akafunga nati ya chini. Shemeji akamletea oili ya gari za kisasa.

Ubwa akaigusa. "Bwana Anwar, hii nyepesi kama chai. Maandazi yako wapi?"

"Ndiyo ghali kuliko zote dukani. Marehemu alikuwa bahili tu."

"Marehemu akiijua gari yake. Hii ikipata moto itakuwa maji, injini itanoki."

"Fundi baiskeli we, utanifundisha mimi oili?"

"Basi tia mwenyewe. Mie mkono wangu haumo."

Nilimwona shemeji akiitia mwenyewe, mpaka dumu likaisha. Ubwa alikusanya spana zake. Alipopita dirishani alisema, "Shikamoo, Bi Maisara. Mwambie shemeji yako asiende nayo mbali."

Nilimwambia, nikiwa nyuma ya pazia. Akajibu, "Wewe kaa eda, mambo ya gari tuachie wanaume."

Mchana alipiga simu kutoka Jozani. Alisema taa ya oili iliwaka, naye akaendelea kwa kuwa bibi harusi amechelewa, injini ikanoki, gari ikazimika njiani. Bibi harusi alipandishwa gari ya watalii. Mimi nilikaa kitandani. Zamani, siku za Ijumaa, nilipoisikia injini ile nikijua ni wakati wa kumtolea Yussuf kanzu.

Leo shemeji ndiye aliyenileta hapa. Njiani aliniambia, "Sema ulikuwa eda, hukuona kitu. Sisi ni ndugu."

Eda ilinizuia kutoka nyumbani, haikunifumba macho. Sina ugomvi na shemeji. Yeye ndiye aliyemshusha mume wangu kaburini. Lakini Ubwa hakutia oili ile.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuzidisha. Ubwa akitoka, naomba mumwambie atukumbuke kwa dua, mimi na Yussuf.

Saini: M. Kheir

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Nassra, na kumsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi. Aliomba niyasome kwa sauti, na mlango uwe wazi. Bwana Anwar Matar alikuwa amekaa kwenye benchi la nje.